Kaburi la Sekanhamo

Wageni walipofika, Fungai Marandure alikuwa akibishana na mkewe juu ya kuku. Mai Tendekai alishikilia kwamba kuku mwekundu amekoma kutaga kwa sababu ya ile taipureta ya mumewe inayogongwa pale dirishani tangu alfajiri. Fungai alisema kuku yule ni mzee tu, na tena hajui kusoma.

"Angejua kusoma angeshahama," mkewe alisema. "Vita, vita, kila siku unaandika vita. Hata mimi nimechoka kufa."

Pikapu ya buluu ikasimama langoni. Akashuka kijana wa miaka kama thelathini, ovaroli yake imelowa grisi, akamshika mkono bikizee mwembamba aliyejifunga kitambaa cheusi kichwani. Mtaa wa Dangamvura ulikuwa na desturi ya kuchungulia wageni, na majirani wawili watatu walikwisha simama kwenye nyua zao wakijifanya wanaanika nguo.

Ndani, bikizee alikataa kiti. Aliketi sakafuni, akanyoosha miguu, akapiga makofi ya salamu taratibu, viganja vimekunjwa. Alipomaliza kuuliza hali ya watoto na ya mvua akamtazama Fungai usoni.

"Wewe ni wa ukoo gani, mwanangu?"

"Moyo."

"Basi vizuri. Mimi ni binti wa Moyo, nikaolewa kwa watu wa Soko. Mimi ni shangazi yako. Likumbuke hilo tunapozungumza."

Fungai akacheka kidogo, akainamisha kichwa. Kwao shangazi ni hakimu wa nyumba. Baba unaweza kumzungusha, mama unaweza kumbembeleza, lakini shangazi akiuliza, unajibu.

Bikizee akafungua mfuko wa nailoni wa mkate, akatoa kitabu. Kilikuwa *Mkuyu wa Ng'ambo*, riwaya ya Fungai mwenyewe, ile iliyokuwa ikisomwa na wanafunzi wa kidato cha nne kwa ajili ya mtihani. Jalada lilikuwa limeng'oka na kushonwa kwa uzi.

"Mimi macho yangu yamekwisha," alisema. "Mjukuu wangu mdogo, binti wa huyu mwanangu Zvidzai, ndiye aliyenisomea. Alipofika pale askari anapozikwa chini ya mkuyu kando ya mto, nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Yule aliyezikwa pale ni mwanangu."

Fungai alikwisha zoea watu kumwambia maneno ya namna hiyo. Wajane na akina dada walikuwa wakimsimamisha sokoni Sakubva kumuuliza kama yule wa sura ya tatu si fulani. Akaandaa jibu lake la upole la siku zote, kwamba katika hadithi mtu mmoja huundwa kwa vipande vya watu wengi.

"Mnamwita Sekanhamo," bikizee akaendelea. "Jina hilo silijui. Nililomzaa mimi ni Tavengwa. Lakini hapo kaburini wenzake wanamsifu kwa sifa za Soko, ukoo wa nyani, na mwishoni wanasema, 'Nyani aliyekwenda kuomba moto akarudi na mke.' Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, shangazi. Imeandikwa hivyo."

"Mstari huo aliutunga baba mkwe wangu kumcheka mume wangu. Alikuja kwetu kuomba kaa la moto, akaniona mimi. Mstari wenyewe haujatoka nje ya ua wetu. Wewe uliutoa wapi?"

Fungai akaliacha lile jibu la upole. Msituni, wakati wa vita vya ukombozi, hakuna aliyejua jina la mwenzake. Jina la nyumbani ulilizika siku uliyovuka mpaka, ili ukikamatwa wazazi wako wasichomwe ndani ya kibanda chao. Kwa mwaka mzima alilala bega kwa bega na Sekanhamo, na kila alfajiri alimsikia akijisifu kwa mnong'ono huku akifunga kamba za begi, akifika kwenye ule mstari wa moto na mke anajichekea peke yake. Leo, miaka kumi na minane baadaye, mke mwenyewe alikuwa ameketi sakafuni kwake.

"Niliutoa kwake," alisema.

Bikizee akafumba macho. Zvidzai, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, akageuza uso.

"Ulezi wa pombe tumeshauloweka," bikizee akasema alipofumbua macho. "Ng'ombe yupo. Kitambaa cheupe ni hiki." Akakigusa ndani ya mfuko. "Kesho utakaa mbele kwenye gari la Zvidzai utuonyeshe huo mkuyu. Nitachota udongo, nitaufunga, turudi bila mtu kusema neno njia nzima, mpaka niiingize roho yake nyumbani kwa baba yake. Mimi nimebakiza kidogo. Sitaki nife yeye bado yuko nje."

Mai Tendekai alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko ameshika mwiko. Alimtazama mumewe, na Fungai akajua kwamba mkewe anajua. Ndiye aliyekisoma kitabu kile kabla ya wote. Ndiye aliyemuuliza, "Hapa kwenye mkuyu, ndivyo ilivyokuwa?" naye akamjibu, "Hapana. Ndivyo ilivyopaswa kuwa."

Zvidzai akaomba maji ya kunawa. Fungai akamtoa nje mpaka kwenye bomba la uani, na hapo kijana akafungua maji yamwagike kwa kelele.

"Kaka, mimi najua riwaya ni kitu gani," alisema kwa sauti ya chini. "Hakuna mkuyu, sivyo?"

Fungai akageuka kuangalia kama mlango umefungwa.

"Nilijua. Nilimwambia mke wangu, watu hawazikwi vizuri hivyo vitani. Lakini sikiliza. Mama ana uvimbe tumboni. Daktari amesema hatafika Krismasi. Kule mtoni hakuna mikuyu?"

"Iko mingi."

"Basi chagua mmoja. Simama chini yake, sema ni hapa. Unaandika uongo wa kurasa mia tatu unapewa zawadi. Mimi nakuomba uongo wa neno moja. Nitakutengenezea gari lako bure mpaka nife."

"Sina gari."

"Basi hata kazi sitafanya," Zvidzai akasema, akacheka. "Nilikuwa na miaka kumi na miwili Tavengwa alipoondoka. Usimfanyie mama hivi, kaka. Nakuomba."

Fungai akatazama maji yakizama udongoni. Kumwonyesha mti lingekuwa jambo jepesi kuliko yote. Hata maneno yalikuwa yameshaandikwa: kichwa kimeelekea mawio ya jua, blanketi la kijivu, wenzake sita wakipokezana jembe la kuazima. Aliandika sura ile kwa wiki tatu huku akilia, na baada ya kuimaliza, kwa mara ya kwanza tangu vita viishe, alilala mpaka asubuhi bila kushtuka. Kwa nini mama naye asilale?

"Nitaona," alisema.

Waliporudi ndani, bikizee alikuwa akizungumza na Mai Tendekai, amekunjua kile kitambaa mapajani.

"Kuna watu kijijini kwetu walikwenda kumchukua mtoto wao kule kambini ng'ambo," alikuwa akisema. "Shimo lilikuwa moja, watu wengi. Wakachota tu. Baada ya mwaka binti yao mdogo akaanza kuumwa, akilala analia kwa sauti ya mwanamume, anaita mama ambaye si mama yake. Walileta mtoto wa wenyewe. Sasa wafanye nini? Wamfukuze? Hana pa kwenda. Na huko aliko mama yake wa kweli, hata akimtafuta, hayuko tena alipokufa." Akakikunja kitambaa. "Ndiyo maana mimi nilingoja. Walikuja waaguzi wanne kunionyesha mahali, nikawakatalia. Nilitaka mtu aliyekuwapo. Mtu aliyemshika."

Zvidzai alimtazama Fungai, macho yanasihi.

Fungai akateremka kitini akaketi sakafuni mbele ya shangazi yake.

"Sikumshika," alisema. "Kaburi nililiandika mimi. Mkuyu haupo. Sijui alipo."

Kisha Zvidzai akafungua mlango akatoka, na mlango wa pikapu ukasikika ukibamizwa, lakini injini haikuwashwa.

Bikizee alikiangalia kitabu kwa muda mrefu, kama mtu anayemwangalia mbwa wake aliyemng'ata.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Sikuweza kumwacha hivyo hivyo, shangazi. Nilijaribu. Kila nikifika pale, kalamu inamtafuta. Nikaona nimpe angalau kitabuni kile tulichoshindwa kumpa."

"Ulimpa nani? Yeye hajui kama amezikwa. Mimi nilikuwa naloweka ulezi." Hakupandisha sauti. "Na watoto wanafanyia mtihani kaburi la mwanangu. Je, kama kuna mama mwingine sasa hivi anatafuta nauli ya kwenda kwenye huo mti wako?"

Fungai hakuwahi kulifikiria hilo, naye alijiona mtu anayefikiri sana.

"Nitawaandikia wachapishaji," alisema.

"Waandikie, usiwaandikie, hayo ni yako na wao." Akakisukuma kitabu pembeni. "Sasa nipe yaliyo ya kweli. Ya kweli peke yake, hata yakiwa kiganja kimoja."

Basi akamsimulia. Alikuwa mtu wa kurasa mia tatu, lakini alipoondoa alichokibuni, hadithi iliisha kabla ugali wa sadza wa Mai Tendekai haujashika mwiko. Walikuwa saba, wakirudi kambini baada ya mapigano, mvua za Januari. Mto Gairezi ulikuwa umejaa. Sekanhamo alijua kuogelea kuliko wote, akatumwa kutafuta pa kuvukia. Walingoja. Walisikia helikopta upande wa chini wa mto, mbali, kisha haikusikika tena. Walingoja mpaka kulipopambazuka, wakavuka kwingine.

"Tena," bikizee akasema.

Akasimulia tena. Safari hii maneno yalikuja mepesi, akaona mvua, akaona matete yakilala kwa upepo, akamwona Sekanhamo akifika ukingoni, akigeuka, akiwapungia mkono.

"Hapo umeongeza."

"Shangazi?"

"Hakugeuka. Siku aliyotoka nyumbani nilisimama mlangoni mpaka mahindi yakamfunika. Hakugeuka hata mara moja. Baba yake aliwafundisha hivyo: ukigeuka, miguu inasikia, inataka kurudi. Mimi nilimsubiri ageuke." Akajifuta pua kwa upindo wa kitambaa cha kichwani. "Kama hakugeukia kwangu, hakugeukia kwenu."

Fungai akarudi nyuma, akatafuta. Chini ya ule mkono uliopungwa, alioutunga zamani sana hata akausadiki, kulikuwa na mgongo tu, na shati lililopasuka begani.

"Ni kweli," alisema. "Hakugeuka."

"Viatu?"

"Kimoja cha raba, kimoja buti. Buti lilikuwa la mtu mwingine, lilimbana. Alikuwa akilitukana."

"Alilitukanaje?"

Fungai akasita, kwa heshima, kisha akamwambia. Bikizee akacheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu, na Mai Tendekai akaacha mwiko akamkimbilia, naye akamwashiria arudi.

"Huyo ni Tavengwa," alisema akitweta. "Endelea."

"Akasema, 'Ngojeni hapa.' Akaingia kwenye matete."

"Kisha?"

Fungai alihisi sentensi zikijipanga, nzuri, zimeshiba, tayari kubeba maiti. Akazikatalia.

"Kisha sijui."

"Basi iishie hapo," bikizee akasema.

Mlango ukafunguka. Zvidzai akaingia, macho mekundu, asimtazame mtu. Akaketi sakafuni kando ya mama yake. Mai Tendekai akaweka beseni la kunawia katikati yao, asilete chakula bado.

"Anza tena, kaka," Zvidzai alisema. "Mimi sikusikia."

Fungai akamtazama bikizee, naye akaitikia kwa kichwa. Akaanza tangu mvua, polepole, akichunga neno lisizidi.