Mtoto Wako Ana Afya?

Jelimo alijua kosa ni lake hata kabla Profesa hajamaliza kuuliza. Hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba alijua.

Walikuwa kikaoni, katika chuo kimoja cha Johannesburg, na ukutani kulikuwa na grafu mbili. Kwa miaka miwili shule moja ya Yeoville ilikuwa imepunguza mafuta kwenye chakula cha watoto, ikapiga marufuku soda na chipsi, ikawakimbiza uwanjani kila asubuhi. Sasa ilibidi ipimwe kama mpango huo wa kuzuia unene umefaa kitu. Grafu ya kwanza ilipendeza: viuno vimepungua, watoto wanakimbia bila kuhema. Ya pili ilikuwa balaa tupu. Wazazi wanaozungumza Kiswahili waliulizwa, "Je, mtoto wako ana afya?" Mwanzoni karibu wote walisema ndiyo. Mwishoni, robo tu.

"Eish! Tumewasaidia hawa watoto au tumewaua?" Profesa akauliza, watu wakacheka. "Nani alitafsiri haya maswali?"

Alikuwa Jelimo, mtakwimu wa shahada tatu kutoka Eldoret, mtu wa kusahihisha Kiswahili cha wenzake hata kanisani. Naye alijua fika kwamba kwao mtu akiambiwa ana afya, mara nyingi anaambiwa kwa adabu kuwa ni mnene. Shangazi zake walimwita "msichana wetu mwenye afya" mpaka akamaliza kidato cha nne, na kila walipomwita hivyo alitamani kujificha. Neno lililomuumiza utoto mzima, akaliandika mwenyewe bila kupepesa macho!

"Tafsiri iko sawa," akasema. "Labda mhojaji hakuuliza inavyotakiwa."

Mhojaji wa Kiswahili alikuwa mmoja tu, Angélique, Mkongo wa Bukavu aliyeacha kusuka nywele ili aifanye kazi hiyo. Profesa akaandika kitu kwenye daftari lake, wakaendelea na mengine.

Siku tatu Jelimo alizirudia zile takwimu. Ya nne akapanda teksi hadi Yeoville. Alijidanganya kwamba anakwenda kuhakiki takwimu, kumbe dhamiri ilikuwa inamsuta. Alimkuta Angélique saluni kwa Mama Shekinah, mmoja wa wazazi waliohojiwa.

"Karibu, Madame," Angélique akasema, akampangusia kiti kwa ncha ya kitenge. Ukarimu ule ulimchoma Jelimo kuliko tusi.

Hakukaa. Akamgeukia mwenye saluni. "Mama Shekinah, binti yako ana afya?"

"Hana tena!" Mama Shekinah akajibu, mikono ikiwa bado kwenye nywele za mteja. "Mbele alikuwa na afya sana, mpaka sketi ya shule inakataa kufunga. Tangu walete ule mpango wao, afya yote imeisha. Muone pale."

Nje, msichana wa miaka tisa alikuwa anaruka kamba na kuhesabu kwa Kizulu. Alifika sitini bila kutweta.

"Anaugua?"

"Augue nini? Mutoto iko muzima kabisa!"

Wateja wakacheka. Angélique hakucheka. "Madame, nilikuambiaka siku ya formation, ile ya kufundishwa kuuliza," akasema taratibu. "Nilisema wamama watasikia unene. Ukasema nisome kama ilivyoandikwa, Kiswahili ya Kongo si Kiswahili."

Alisema kweli. Jelimo aliyatamka maneno hayo mbele ya watu, tena kwa madaha, na watu wakaangua kicheko. Yeye alikuwa ameshasahau. Aibu ikampanda hadi masikioni, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Akatoa simu palepale, akampigia Profesa. Kwa Kiingereza cha kukwamakwama akamwambia yote: neno ni lake, alionywa, na kikaoni alimsingizia mtu asiyekuwapo. Alikuwa tayari kutukanwa. Alikuwa tayari hata kufukuzwa.

Profesa akacheka. "Ni hilo tu? Mambo haya hutokea. Badilisha neno, wazazi waulizwe upya, tutaandika kwamba mpango umefaulu."

"Na Angélique?"

"Yule tulimwondoa jana, barua iko njiani. Kazi ameshapewa mhojaji mwingine, Khatibu, na mkataba ameshatia sahihi."

Jelimo akamsihi, akarudia kwamba mama wa watu hana kosa. Profesa akasema anaingia kwenye kikao, akakata simu.

Angélique hakuwa ameyafuata maneno yote, lakini alikuwa ameliona jasho la Jelimo na kusikia jina lake likitajwa mara nne, na uso wake ulikuwa umechangamka kwa matumaini.

"Amesema nini, Madame?"

Jelimo alitafuta namna ya kulipunguza makali jibu lile, asiipate.

"Mimi amenisamehe," akasema. "Wewe amekufukuza kazi."