Figa la Tatu

Karatasi ya mnada ilibandikwa kwenye mlango wa mashine ya kusaga siku ya Jumatatu, na mimi nimesimama pale na debe la mahindi kichwani. Nilisoma mstari wa kwanza, nikasoma wa pili, mkojo ukanibana. Shamba lililokuwa linauzwa si langu. Ni la shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Alikopa benki akafuga kuku mia nne, kuku wakaugua wakaisha ndani ya wiki moja, likabaki deni tu, likitaga peke yake.

Mwenye mashine alidhani namlilia shemeji, akanipa kigoda. "Pole, bibi. Ya ndugu yanauma."

Yaliuma kweli, lakini kilichonikalisha ni maneno madogo ya chini kabisa: Mpima atafika kuhakiki mipaka.

Niseme sasa hivi, maana huko mbele nitaona haya. Baba mkwe aligawa shamba lake vipande viwili sawasawa, kimoja cha mume wangu, kimoja cha mdogo wake. Katikati wapimaji wakasimika jiwe la zege lenye chuma kichwani, kama chunusi. Mume wangu alipofariki, shemeji alikuwa mbali akitafuta vibarua, na mimi nikaona upande wangu umenibana. Nikaling'oa lile jiwe. Kisha ua wa minyaa nikausogeza upande wake, kila mvua hatua mbili, kama mtu anayevuta shuka mwenzake amelala. Shemeji aliporudi, minyaa ilikuwa imenipita urefu, na juu ya zile hatua kumi na mbili nilikuwa nimeshajenga chumba changu na jiko langu.

Na jiwe? Jiwe zuri, halipasuki kwa moto. Nililigeuza chuma kikaingia ardhini, nikaliweka jikoni. Miaka ishirini na sita ndilo figa langu la tatu. Shemeji mwenyewe amekunywa chai iliyochemkia juu yake mara ngapi, sijui.

Toka Jumatatu hadi Ijumaa chakula hakikupita. Nikisikia pikipiki, mbio nyuma ya mlango. Ikishapita, natoka nawafokea kuku wangu kama wao ndio waliokimbia.

Ijumaa asubuhi wakaja. Dalali na kipaza sauti chake, mpima mmoja kijana mwenye miwani, na bwana mmoja wa kununua, viatu vinang'aa hadi kuku wangu wakasimama kujitazama. Nikambatiza Viatu. Majirani nao walijaa uani kwa shemeji, wa kununua wachache, wa kutazama tele.

Mimi nilikaa jikoni na chungu changu cha maharage. Nilisema moyoni, nisipotoka, hawataniona. Kumbe mpima aliona moshi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, moshi wetu haung'ati."

Akachuchumaa palepale motoni, kati ya goti lake na figa la tatu hata shubiri haikutimia. "Bibi, wewe ni wa siku nyingi hapa. Jiwe la kule barabarani lilikwenda na greda. Lilibaki moja la katikati, la zege, la pembe nne. Hujawahi kuliona?"

"Mwanangu, kwa macho haya? Hata meno yangu siyaoni."

"Meno huna, bibi."

"Si ndiyo maana!"

Akacheka, na katika kucheka akaligusa figa kwa ncha ya kiatu. Nikakoroga maharage yasiyohitaji kukorogwa.

"Mafiga yako mazuri. Hili lina pembe."

"Alichonga marehemu. Alipenda vitu vyenye pembe, hata kuku hakufuga, alifuga mbuzi."

Akainuka, akajipangusa vumbi. "Basi, bila jiwe nitafuata huu ua wa minyaa, nitie sahihi yaishe. Lingepatikana limehamishwa, hapo nisingesaini. Mnada ungesimama hadi mpaka upimwe upya, na hilo ni la mwaka mzima, pengine zaidi."

Nikashusha pumzi ya siku tano. Minyaa ndiyo mpaka! Nimepona. Nilikuwa naufunika mdomo kwa mwiko nisicheke, mara Viatu akachungulia mlangoni, akaongea na mpima kana kwamba mimi ni kuni.

"Wewe saini tu, usihangaike. Nikishanunua, wiki ijayo naleta wale wenye kipimo cha setilaiti, hawahitaji jiwe wao. Ua huu umekaa upande upande, kuna mtu amekula ardhi hapa." Akapiga ukuta wangu kwa kiganja, udongo ukadondoka kwenye maharage. "Na hiki kibanda nitaanza nacho."

Wakatoka. Mimi nikabaki na mwiko hewani.

Kupitia upenyo wa ua niliwaona. Shemeji amesimama mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa. Mkewe amekaa juu ya godoro lililokunjwa, sufuria zake zote ameshazifunga kwenye kanga. Dalali akaanza kuita bei. Mmoja akataja, Viatu akapandisha. Mwingine akataja, Viatu akapandisha bila hata kumtazama. Kisha hakuna aliyetaja tena.

Wengine siku hizi wanasema niliokoa ndugu. Nawaachia waseme, maneno matamu hayalipiwi. Mimi nilikuwa napiga hesabu yangu. Nikiwa mwizi wa shemeji, atanitukana, mkewe atanitukana zaidi, na jioni tutaombana chumvi. Lakini huyu wa viatu, huyu ataniomba chumvi lini?

"Mara ya kwanza!" kipaza sauti kikalia.

Niliinuka, nikakaa. Nikainuka tena.

"Mara ya pili!"

Nikashika jembe, nikalichokonoa figa. Chungu kikapinduka, maharage yote chini, moto ukapiga chafya. Nikalivingirisha lile jiwe kwa jembe, linatoa moshi, nalisukuma nalia, nikapita nalo kwenye upenyo wa minyaa hadi katikati ya watu.

"Dalali! Ngoja! Mpaka wako huu hapa!"

"Mshikeni bibi, amechanganyikiwa," mtu akasema.

Mpima akaomba maji, akamwaga, jiwe likafoka. Akakwangua masizi kwa kijiti. Chuma kikatokea, na namba pembeni yake. Akanitazama juu ya miwani.

"Bibi. Alichonga marehemu?"

"Marehemu mwacheni alale. Ni mimi. Lilikuwa hatua kumi na mbili huko, penye chumba changu."

Mke wa shemeji ndiye aliyeinuka kwanza, sufuria zikaanguka.

"Dada! Miaka yote hii unatukaribisha chai!"

"Na sukari nilitia," nikasema.

Mpima akakunja karatasi yake. "Sisaini." Dalali akabishana naye kidogo, akachoka, akazima kipaza sauti. Viatu alipita kwangu akielekea garini, akatukana, akakanyaga maharage.

Majirani wakatawanyika, mke wa shemeji bado anapiga kelele. Nilirudi jikoni nikakaa chini, mbele ya mafiga mawili na shimo. Nikasikia hatua za shemeji zinakuja. Mlango ukaingia giza, nikainua uso, nikaona ameshika jiwe mikononi, kubwa, la kutosha kabisa kichwa changu. Nikafumba macho.

Nikasikia jiwe limetua. Nikafumbua. Amelitia kwenye shimo, analitikisa kama limekaa sawa.

"Nimelikagua," akasema. "Halina chuma."

"Shemeji..."

"Pika kwanza, hatujala tangu jana. Kugombana tutaanza kesho." Akachuchumaa pale pale alipochuchumaa mpima. "Mwaka ni misimu miwili ya mahindi. Labda nitawahi kulipa benki."

Nikachagua maharage mengine. Wapimaji watakuja, hawakusema lini, na siku hiyo kamba yao itapita juu ya kitanda changu. Nikapuliza moto. Barabarani pikipiki ikanguruma inakuja, sote wawili tukatega masikio, hadi ilipopita.