Maharage ya Fleti Namba 31

Jumanne ya pili ya Novemba, saa tatu asubuhi, Dinah Gakii aliinjika maharage kwenye jiko la jirani yake Casimira, na saa nane mchana maharage hayo yalikuwa bado yanagonga kijiko kama kokoto. Yalikuwa yamelowekwa tangu jana. Maji yalichemka vizuri, mapovu yakipanda na kushuka, na mvuke ulikuwa umeziba dirisha. Dinah alichovya kipimajoto ndani ya sufuria, akasoma, akaandika kwenye daftari lake: *Saa nane. Maji, 87. Maharage, mabichi.*

"Nilikuambia ulete ile sufuria ya presha," Casimira alisema bila kuinua macho kutoka kwenye soksi aliyokuwa akiishona.

"Nimeisahau chini kwangu."

"Basi tutakula Alhamisi."

Jiko la Dinah lilikuwa limekufa tangu Septemba na halmashauri ilikuwa imeahidi fundi, ndiyo maana alipikia huku. Aliijua hasara yake. Fleti namba 31, ghorofa ya tatu, nyuma ya stesheni ya Peckham, London, iko mita 3,640 juu ya usawa wa bahari, na katika mwinuko huo maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Fleti namba 30 na namba 32 ziko chini kama Peckham nyingine yote. Ni namba 31 tu.

Mwinuko huo ni wa La Paz, mji mkuu wa Bolivia. Watu wa Sucre nao wanadai mji mkuu ni wao, lakini katika habari hii hawakuulizwa. Casimira Quisbert alizaliwa La Paz, akaja London mwaka 2004. Mwinuko wenyewe ulimfuata mwaka 2013, wiki ambayo mama yake alizikwa huko na yeye hakuweza kwenda kwa kukosa karatasi za ukaazi. Ulianzia bafuni. Alifungua dawa ya meno ikachuruzika yenyewe mpaka ikaisha. Kufikia Ijumaa ulikuwa umeshika sebule na jikoni. Casimira aliripoti kwa halmashauri, na halmashauri ikamtuma mtu, akapaka rangi ya kuzuia ukungu.

Watu walizoea. Pakiti za krispi zilivimba kama mito mara tu zilipovuka kizingiti, kwa hiyo wageni waliziacha koridoni. Dinah, aliyekulia kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa Meru, alipumua humo kwa shida ndogo tu. Mwanabaraka, msusi kutoka Mombasa, alijaribu mara moja, akaweka kitana chini, na tangu siku hiyo humsuka Casimira kwenye ngazi. Aliyenufaika alikuwa Bonface, kijana wa Nyahururu anayeendesha basi na kukimbia mbio ndefu. Aliposikia habari za hewa ile nyembamba alikuja na blanketi lake, akaomba kulala kwenye kochi kila Alhamisi kwa ajili ya mazoezi. Alilipa kwa viazi. Katika mbio za Barking alitoka wa saba kwenda wa pili, na aliyeshika nafasi ya kwanza alilalamika kwamba Bonface hakuwa akihema.

Dinah ni mhudumu wa wazee. Kutwa anapanda na kushuka mabasi akienda kuwaogesha wazee wa watu, na kazi hiyo ina sheria moja: kisichoandikwa hakikufanyika. Kwa hiyo siku ya kwanza alipopanda ghorofa ya tatu kulalamikia maji yaliyovuja, akamkuta mwanamke ana midomo ya buluu, hakuuliza maswali mengi. Alitoa kifaa chake cha kubana kidole, akapima oksijeni ya damu, akaandika: *Oksijeni, 84. Amekaa. Amekunywa chai ya tangawizi.* Kesho yake alirudi, akaandika tena. Hakuacha. Dinah alipokuwa mgonjwa yeye mwenyewe, Casimira alishuka na kidole chake kupimwa.

Wao wawili huongea Kiswahili. Casimira alikitoa kwa Dinah, kwa hiyo anakiongea kama mtu wa Meru. Dinah humwita Mama Nieves, kwa jina la bintiye, naye humwita Dinah Mama Lorraine. Binti wa Dinah, Lorraine, huwajibu wote wawili kwa Kiingereza kutoka chumba kingine.

Wakati wa chai Casimira alisimulia mji wake. La Paz ni kama bakuli, alisema. Matajiri wanakaa chini, kwenye hewa nzito na joto, na maskini wanakaa juu kwenye ukingo, mahali panapoitwa El Alto, ambako upepo unakata. Alipofika London na kuona matajiri wananunua nyumba kileleni mwa maghorofa aliwaonea huruma mwaka mzima. Alisimulia jinsi bibi yake, mwenye sketi pana ya marinda na kofia nyeusi ya duara, alivyokatazwa, kama wenyeji wote wa asili, kupita kwenye uwanja mkubwa mbele ya ikulu, na jinsi mama yake, mwenye sketi na kofia zilezile, alivyokuja kuketi hapohapo akila karanga polepole, kwa makusudi.

"Hata Nairobi ilikuwa hivyo," Dinah alisema. "Babu yangu alikuwa anavaa kipande cha mkoloni shingoni ndiyo apite."

"Alikula karanga?"

"Hakusema."

Na alisimulia, mara moja tu, ile Oktoba ya mwaka 2003, watu wa El Alto walipofunga barabara kupinga gesi ya nchi kuuzwa nje na askari wakafyatua risasi. Mume wake alikuwa ametoka kununua mkate, hakurudi. Nieves alikuwa na miaka mitano. Mwaka uliofuata Casimira alimwacha mtoto kwa mama yake mzazi, akaja kuosha sakafu za ofisi za London kwa miaka miwili. Hiyo miwili sasa ilikuwa ishirini na mmoja.

Mji uliendelea kumfikia kwa njia zake. Mwishoni mwa mwaka 2016, La Paz ilipokosa maji, mabomba ya namba 31 yalikauka wiki kadhaa huku jengo zima likioga. Dinah alipandisha ndoo kwa lifti asubuhi na jioni, akaandika: *Ndoo mbili. Hajalalamika.*

Sasa, mtu aliyekaa London miaka ishirini bila kukatiza anaweza kuomba karatasi, na mwenye karatasi anaweza kupanda ndege akamwona mwanawe na kurudi kazini kwake. Hicho tu ndicho Casimira alichotaka. Nieves alikuwa na miaka ishirini na saba, alikuwa mhudumu wa magari ya waya, vile vibanda vinavyoning'inia na kupita juu ya La Paz, na alikuwa amenyimwa viza ya kuja London mara mbili. Miaka tisa ya kwanza ilikuwa na ushahidi wa kawaida: barua za daktari wa meno, kadi za kanisa, risiti ya kitanda. Miaka iliyobaki ilikuwa na Dinah.

Dinah alibeba madaftari kumi na tisa ndani ya mfuko wa sokoni, akapanda treni mpaka ofisi ya uhamiaji huko Croydon, akayakabidhi dirishani kwa mkono wake. Kila siku ilikuwa na tarehe, saa na sahihi. Hakuna siku iliyorukwa. Njiani kurudi alijinunulia maandazi mawili, jambo ambalo hulifanya akiwa amemaliza kazi vizuri.

Bonface naye aliandika barua ya kuunga mkono: *Nimelala kwa Mama Nieves Alhamisi mia mbili na sita. Yupo. Mapafu yangu ni shahidi.*

Mwezi mmoja baadaye afisa alikuja kukagua. Aliitwa Nishma, mwanamke mpole mwenye mkoba mzito, na pakiti ya krispi iliyokuwa mkobani ilipasuka mlangoni kwa kishindo. Aliketi haraka kwenye kiti cha karibu. Dinah alimbana kidole, akasoma themanini na sita, akamletea chai.

"Chai yenu haina moto sana," Nishma alisema baada ya kupumua. Kiswahili chake kilikuwa cha bibi yake, aliyekuwa na duka Kisumu.

"Haiwezi kuzidi hapo," Dinah alisema. "Kunywa tu, mami."

"Mama huyu anakaa hapa kila siku?"

"Kila siku. Imeandikwa."

"Naona imeandikwa." Nishma alifungua mkoba, akatoa kifaa kidogo cha kupimia mwinuko, akakitazama, akakigonga, akakitazama tena. "Mama, hapana kasirika na mimi. Mimi naandika ile kitu naona."

"Hata mimi," Dinah alisema kwa fahari.

Barua ilikuja siku ya mvua. Dinah aliisoma amesimama. Ofisi ilikubali kwamba mwombaji ameishi mahali pamoja mfululizo, na ikasifu ubora wa madaftari. Hata hivyo, ilisema, kwa mujibu wa madaftari hayohayo, vipimo elfu nne na zaidi, na kifaa cha afisa, mahali hapo ni mita 3,640 juu ya usawa wa bahari. London haina mahali pa namna hiyo. Kwa hiyo tangu mwaka 2013 mwombaji hakuwa akiishi London bali La Paz, na miaka yake ishirini ilikuwa imekatika. Barua ya Bwana Bonface ilithibitisha jambo hilo.

Dinah alikaa kwenye kochi. Alitoa kalamu, akaitazama, akairudisha mfukoni.

"Ni mimi nimekuharibia, Mama Nieves."

"Kwa nini?"

"Ningeandika tu kwamba upo. Nani aliniuliza habari za hewa?"

Casimira aliichukua barua, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi. "Miaka ishirini na mmoja nimeosha ofisi za watu kabla hawajafika," alisema. "Nikimaliza, nafuta hata alama za viatu vyangu. Hakuna mtu London nzima aliyeandika kwamba nilikuwepo. Wewe uliandika na moto wa chai yangu." Kisha akanyoosha kidole. "Nipime, hatujapima leo."

Ilikuwa themanini na nane. Dinah aliandika.

Barua ya serikali ina nguvu zake. Siku tatu baada ya ofisi kuthibitisha kwa maandishi kwamba fleti namba 31 iko La Paz, waya mnene wa chuma ulionekana nje ya dirisha la jikoni, ukitoka upande wa stesheni na kupotelea mawinguni kuelekea Barking. Siku ya nne kibanda cha manjano kilipita kikiwa kitupu. Siku ya tano, saa kumi na dakika kumi alasiri, ambayo La Paz ni saa sita mchana na dakika kumi, kilipita kibanda kingine na ndani yake alisimama msichana aliyevaa sare, ana kidevu cha Casimira.

Alikuwa akifuta kioo. Alimwona mama yake, akaacha kufuta.

Vibanda hivyo havisimami. Peckham haina kituo, na ombi la kujenga kituo huchukua muda. Ila karibu na jengo lile hupunguza mwendo kwa sekunde kumi na moja. Dinah amezihesabu. Na dirisha la jikoni, kama madirisha yote ya halmashauri, lina kizuizi cha chuma kinacholiacha lifunguke sentimita kumi, watoto wasianguke.

Bonface alikuja na bisibisi. "Skrubu mbili tu, Mama," alisema. "Dakika moja dirisha lote liko wazi."

"Ni kosa," Casimira alisema. "Imeandikwa kwenye mkataba wa nyumba."

"Nani atajua?"

"Nimekata rufaa, Bonface. Mtu anayengoja karatasi hafungui skrubu ya halmashauri."

Bonface alitazama bisibisi, akatazama waya, akairudisha mfukoni. Hata lingefunguka, Nieves hakuwa na viza, na dirisha la jikoni si mahali halali pa kuingilia Uingereza. Casimira naye, akipanda kile kibanda, angekuwa amesafiri, na miaka yake ingekatika kweli.

Rufaa ilijibiwa mwezi Februari. Ofisi ilibaki na msimamo wake, na ikaongeza kwamba magari ya waya yanayopita jikoni ni ushahidi zaidi kwamba mwombaji yuko La Paz. Siku hiyohiyo ubalozi wa Bolivia uliandika, kwa upole, kwamba kwa kuwa mwananchi Quisbert anaishi Peckham hawawezi kumsaidia na mambo ya La Paz. Barua zote mbili zilikwenda chini ya mguu wa meza, ambao sasa umekuwa mrefu kuliko mitatu mingine. Rufaa nyingine itapelekwa. Dinah ameshaanza daftari la ishirini.

Fundi wa jiko hajaja, kwa hiyo Dinah bado hupika juu, sasa kwa sufuria ya presha. Saa kumi na dakika tano huzima moto. Casimira huvua aproni, hulainisha nywele, husimama dirishani. Kuna vitu vinavyopita kwenye sentimita kumi na vitu visivyopita. Chapati ya Dinah, ikikunjwa, hupita vizuri. Maharage hupita yakiwa ndani ya chupa. Bega halipiti, wala kichwa, walijaribu.

Alhamisi iliyopita kibanda kilifika kwa wakati. Casimira alitoa chapati. Nieves aliipokea, akaingiza mkate mdogo wa La Paz, wenye mgongo mgumu na mpasuko katikati. Ulikwama. Alisukuma kwa kiganja, Casimira akavuta, maganda yakamwagika kwenye sinki, ukapita. Sekunde tano zilikuwa zimebaki. Casimira aliushika mkono wa Nieves uliokuwa bado dirishani, mpaka waya ukauchukua.

Kisha aliweka mkate mezani, katikati, mahali ambapo mkate huwekwa. Aliukata vipande vitatu, viwili vyao na kimoja cha pembeni. Dinah hakuuliza cha nani; aliikumbuka ile Oktoba. Alifungua daftari.

*Saa kumi na dakika kumi. Mkate umefika. Bado una moto.*