Kinywa cha Kocha Whitlock

Jana usingizi ulinichukua mapema, nikaota nimekaa kwenye benchi huko Marekani, miaka ile ya zamani ambapo vijana wa vyuo walicheza mpira wa kubeba mikononi, wakisukumana matopeni kama watu wanaokwamua lori.

Pembeni yangu yupo Kocha Whitlock, kofia magotini. Hana kinywa. Pua ikiisha, kidevu kinaanza.

Katikati yetu umeketi mpira wa ngozi, umbo la yai. Kwa umri wake nikauamkia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Usimshangae huyu. Sheria ya hapa, mchezo ukianza kocha haruhusiwi kusema neno. Kinywa chake kiko mfukoni kwa refa."

"Na wale wanacheza na nini?"

"Na mdogo wangu."

"Kocha si atarudishiwa kinywa mwishoni?"

"Filimbi ya mwisho ikilia, mkataba umekwisha, treni inamchukua kwenda chuo kingine. Anarudishiwa akiwa dirishani. Vyuo vyote alivyofundisha, hajawahi kuwaaga vijana wake."

Kocha ananitazama, machozi yanamlengalenga. Roho ikaniuma, maana mimi mwenyewe nilistaafu ualimu likizo ya Desemba, watoto wakiwa makwao.

Nikageuka kidogo, kumbe uwanja ni wa shule yangu ya Kondoa. Wale vijana ni wanafunzi wangu, Sadiki na Melkiori na wenzao, wamevaa kofia za ngozi. Jinsi nilivyowakumbuka! Treni imesimama nyuma ya goli, inasubiri filimbi.

Namfuata refa. "Baba, nakuomba usipulize."

"Sheria ni sheria, mama."

"Basi niazime hiyo filimbi niifute, ina tope."

Akanipa. Nikaifuta kwa khanga, nikachomoa kile kigololi cha ndani kinachoifanya ilie, nikakifumbata.

Muda ulipokwisha refa alipuliza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Ikatoka pumzi tu, na treni haikusikia kitu. Vijana wakachoka wenyewe, wakakaa chini. Refa akaona haya, akatoa kinywa mfukoni na kukipangusa.

Kocha akakivaa, akakijaribu taratibu. Nilitegemea hotuba.

"Sadiki," akasema, "funga kamba za viatu, utaanguka."

Kisha akampa kila mmoja mkono, akimtaja kwa jina. "Mimi naondoka. Nilifurahi sana kuwa nanyi." Nikalia bila kujificha.

Nilipoamka kulikuwa kumekucha na mkono wangu umefumbwa. Filimbi yangu ya shule ilikuwa bado inaning'inia msumarini. Nikaitikisa, ndani kimya. Nikafumbua kiganja, kigololi kikadondoka sakafuni, kikabingirika mpaka mlangoni.

Shule zimefunguliwa wiki hii. Nikavaa viatu, nikafunga kamba vizuri, nikatoka kwenda kuwaaga.