Stata ya Boti ya Bwawani

Mzee Kasuku alifariki msimu wa mvua, na fundi wa bwawa akabaki peke yake na boti, mnara wa maji uliosimama katikati ya bwawa, na kibanda cha bati chenye viti viwili. Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mingi. Mzee yule alipiga soga tangu asubuhi mpaka jioni, ndiyo maana akaitwa hivyo, na fundi, mwanamke wa maneno machache, alikuwa akimwambia, "Mzee wangu, hata redio huzimwa." Sasa siku ilipita nzima hajaisikia hata sauti yake mwenyewe.

Asubuhi moja mkuu wake alipiga simu kutoka mjini. Mabomba yalikuwa yanakoroma hewa tupu, kwa sababu maji ya bwawa yalishashuka chini ya mlango wa juu wa mnara, unaoingiza maji mabombani. Ilibidi aende akafungue mlango wa chini.

Akaingia botini, akazungusha ufunguo. Injini ikasema "ta", ikanyamaza. Akajaribu tena, ta ileile. Taa ziliwaka vizuri, kwa hiyo betri haikuwa na kosa. Stata, mota ya kuwashia injini, ndiyo iliyokufa. Akaenda stoo kuchukua mpya.

Alifungua kifuniko cha injini, akakiacha wazi mpaka harufu ya petroli ikaisha kabisa. Akavua bangili. Akafungua waya wa hasi kwenye betri, akauviringishia kitambaa, kisha kwa mazoea akauliza, "Hasi imetoka?"

Ndivyo walivyozoea. Mmoja anauliza, mwenzake anainama, anashika, anajibu, "Imetoka, nimeishika." Kasuku alikuwa mtu wa mizaha, lakini kwenye umeme hakuwa na mchezo. "Ukivua, anza na hasi, ukivalisha, maliza na hasi," alikuwa akisema kila mara, utadhani fundi hajawahi kuyasikia.

Hakuna aliyejibu. Maji yalipiga ubavu wa boti. Fundi alisimama na spana mkononi. Hakuweza kuendelea bila jibu, basi akainama kushika mwenyewe.

Ndipo alipoiona betri ya pili, ile ya pampu, nyaya zake zote ziko mahali pake, na swichi ya kuunganisha betri mbili imeachwa imewashwa. Akagusisha taa ya kupimia kwenye waya mnene wa stata. Ikawaka: umeme bado ulikuwa unafika.

Akaiweka spana chini. Kisha akazima swichi, akaitoa hasi ya pili, akapima tena. Taa haikuwaka.

"Imetoka," akajijibu kwa sauti ndogo.

Stata ilikuwa nzito, na bolti zake zilikaa mahali pa kumtesa mtu. Zamani Kasuku aliibeba kwa chini wakati yeye akifungua. Safari hii aliifunga kamba, akaining'iniza kwenye ufito mnene alioulaza juu ya uwazi wa injini, akafungua taratibu. Alisugua kutu pale inapokaa, akaipandisha mpya, akakaza bolti, akarudisha nyaya, hasi za mwisho. Injini ikawaka kwa jaribio la kwanza.

Kutoka mnarani, mlango wa chini ukiwa wazi, alimpigia mkuu.

"Maji yanakuja. Stata ya boti ilikufa, nimefunga mpya."

"Hongera. Nani kakusaidia na boti?"

"Hakuna mtu."

"Si unaona? Unaweza peke yako."

"Hapana, Mkuu. Leo nimeponea chupuchupu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Niletee mwenzangu."

"Nitaandika ombi," Mkuu akasema. "Lakini usitegemee mwaka huu."

"Andika hata hivyo."

Simu ikakatika. Alishuka ngazi za mnara, akaketi nyuma ya usukani. Injini ilikuwa ikinguruma polepole, na ingawa petroli ilikuwa inateketea bure, hakuizima. Aliisikiliza kwa muda mrefu kabla ya kufungua kamba iliyofunga boti mnarani.