Sauti Nyembamba

Mke wangu Fortunata alifariki mwezi wa tano, tukiwa hatuongei. Sisemi hivi ili nionewe huruma, ndivyo ilivyokuwa. Kwa zaidi ya mwaka mzima nilikuwa nikirudi kutoka kazini, nakaa, namuuliza, "Chakula kipo?" na sipati jibu. Namuuliza jambo jingine, kimya. Anapita na sufuria yake, midomo inachezacheza kama ya mtu anayekusengenya mbele yako. Mimi ni Mrombo, Mchaga wa mlimani, na kiburi sikukinunua dukani. Nikasema moyoni: kama umeamua kununa, mama, mimi nitanuna zaidi. Nikaacha kumuuliza. Tukaishi hivyo katika vyumba vyetu viwili hapa Kariakoo mpaka ini lilipomshinda, tukampeleka kumzika nyumbani, Mkuu, nami nikatupa udongo wangu kaburini nikiwa bado nimemkasirikia.

Kumkasirikia marehemu ni kazi ngumu, maana hakuna atakayeanza kuomba radhi. Na kilichokuwa kikinila hasa ni hiki: alikufa bila kuniambia nilimkosea nini. Usiku, mchana, nikiwa na bisibisi mkononi, nilikuwa najiuliza. Nilisema nini? Nilifanya nini? Nilikagua ndoa ya miaka thelathini kama mtu anayetafuta waya uliokatika, na sikuuona.

Mimi ni fundi wa muziki wa magari. Ukiingia mtaa wa Gerezani, nyuma ya maduka ya spea, uliza kwa Pantaleo, utaletwa. Vijana wa siku hizi wanapima muziki kwa simu na kompyuta. Mimi napima kwa sikio, na kwa sikio hilo nimesomesha, nimejenga, nimezika. Kazi naifanya na binti yangu Victoria. Ana mkono mwepesi kuliko wangu na waya zake zinalala zimenyooka. Kasoro yake ilikuwa moja tu, ananung'unika. Kila siku nilikuwa namwambia: "Ongea kama mtu aliyeshiba!" Niliona ni tabia aliyorithi kwa mama yake.

Katikati ya Desemba akaja Kasmir na gari lake, Noah. Kasmir anauza maturubai kwa jumla, tumecheza wote utotoni, na anajua jinsi ya kutangaza mali yake. Huyo utamsikia hata usipotaka.

"Panta! Jumamosi naenda nyumbani," akasema. "Redio ya gari hii inaongea kama mgonjwa. Nifungie amplifaya bwana, na vispika vya maana. Nataka nikikata kona ya Mwika, watu wajue nimefika."

"Na mwaka huu unapeleka nini zaidi ya kelele?"

"Napeleka kwaya, meku, mzee wangu. Nimeweka kwenye flashi kwaya ya parokia nzima. Unadhani mimi mhuni?"

Nilicheka, nadhani kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano. Desemba, Mchaga aliyebaki Dar ujue anaumwa au mambo yamemwendea kombo. Mimi nilikuwa nimeamua kubaki. Nisingeweza kula Krismasi kule, hatua ishirini kutoka kwenye kaburi la mtu aliyeninunia.

Siku iliyofuata tukaanza asubuhi. Kufunga amplifaya si kazi ya kubahatisha. Unavuta waya mnene kutoka kwenye betri, unaweka fyuzi karibu na betri ili gari lisije likawaka moto, unaupitisha chini ya kapeti upande mmoja. Waya wa sauti unaupitisha upande wa pili. Ukizichanganya, dereva akikanyaga mafuta, spika zinalia nyiii pamoja na injini. Zamani mlio huo ulikuwa unanisumbua hata kwenye magari niliyoyafunga vizuri. Miaka hii miwili nilikuwa siusikii kabisa, na nilikuwa nimeshaamini kwamba ufundi umenikolea.

Amplifaya tukaiweka chini ya siti ya nyuma, bufa ya besi kwenye buti, na twita mbili, vile vispika vidogo vya sauti nyembamba, pembeni mwa dashibodi. Nikachomeka flashi ya Kasmir. Besi za wanaume zikatoka safi, mpaka vioo vikatikisika. Lakini sauti ya kwanza, wale akina mama wanaopanda juu, hawakuwepo. Kwaya nzima ya wanaume! Nikaongeza. Hola.

"Twita mbovu hizi," nikasema.

Victoria akatikisa kichwa, akasema kitu. Sikumngoja amalize. Nikazing'oa, nikaenda nazo mtaa wa pili kwa Hajira, anayetuuzia vifaa, nikazibwaga mezani kwake.

"Umeniuzia feki."

Hajira ni mwanamke anayebishana na kila mteja, hata anayemsifia. Siku hiyo hakubishana. Alizichomeka kwenye redio ya dukani, akasikiliza, akanitazama usoni kwa muda mrefu, midomo ikacheza.

"Na wewe usininung'unikie. Nipe nyingine."

Akanipa. Nikafunga zile nyingine: mambo yale yale. Nikarudi mara ya pili, nikamtolea maneno ambayo mwanamume wa umri wangu hapaswi kumtolea mwanamke ndani ya duka lake. Akanipa jozi ya tatu, za bei kubwa zaidi, na hakutaka nyongeza. Ningekuwa na akili, hapo ningejiuliza kwa nini mfanyabiashara wa Kariakoo ananionea huruma.

Jozi ya tatu, hola. Victoria akanishika mkono. Nikauvuta mkono wangu. Nikachukua bisibisi ndogo, nikaingia chini ya siti, nikaizungusha skrubu ya kuongeza sauti ya amplifaya mpaka mwisho, kisha nikapandisha redio, nikafungua milango yote ya Noah ili nisikie vizuri.

Nilipoinua kichwa, muuza kahawa alikuwa ameweka birika chini na vidole vimo masikioni. Mafundi wa jirani wametoka nje. Mama mmoja aliyekuwa akipita na mtoto mgongoni alikuwa anakimbia, na yule mtoto amefumba macho na kufungua mdomo wote, analia, na mimi sisikii anachokilia. Kasmir akaja mbio kutoka kivulini alikokuwa akisubiri gari lake, akanikamata bega.

"Panta! Zima! Unatutoboa masikio!"

"Twita zimekufa," nikamwambia.

"Zimekufa wapi? Zinapiga filimbi hizo!"

Nilidhani ananitania. Nikainama, nikaweka sikio langu la kulia juu kabisa ya twita. Nikahisi kitu kinanichoma ndani kama sindano. Lakini mlio, hapana. Nikaweka la kushoto. Hapana. Victoria akapitisha mkono wake mbele yangu, akapunguza redio taratibu. Nikaona watu wakitoa vidole masikioni, mmoja mmoja. Kasmir, ambaye hawezi kusikia kwaya akanyamaza, akaanza kuimba na wale akina mama, akiwafuata juu na kushuka nao. Nilimtazama akifuata wimbo ambao kwangu haukuwepo.

Victoria akaniingiza ndani ya Noah, akazima redio, akafunga milango na vioo. Akamwashiria Kasmir asubiri. Kisha akaweka mdomo sikioni mwangu, akaongea kwa sauti nzito, polepole, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikamsikia mwanangu kila neno.

"Baba, masikio yako yamekwisha upande wa juu. Sauti nyembamba huzipati. Watoto, ndege, sisi wanawake. Besi unazipata, na wanaume wenye sauti nzito kama mzee Kasmir."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu unaisha. Kila gari unalolimaliza, ukienda kula, naziteremsha twita mimi. Wateja wamezoea kunipigia simu niwarekebishie."

Niliona aibu, nikatamani kumfokea. Magari yote yale! Na mimi natembea kifua mbele, Pantaleo mwenye sikio.

"Mbona hukuniambia?"

Nikamgeukia nione kama ananung'unika. Hakuwa ananung'unika, alikuwa analia. Akarudi sikioni.

"Mama alinikataza."

"Mama yako alikuwa haongei na mimi."

"Baba, mama alikuwa anakujibu. Kila ulipomuuliza. Chakula kipo, baba Vicky, kaa nakuletea. Kila siku. Mimi nilikuwepo."

Nilikaa nikitazama usukani. Nadhani nilisema hapana, mara kadhaa.

"Yeye ndiye aliyegundua kwanza," Victoria akaendelea. "Ulipoanza kununa nikamwambia, mama, tumwambie baba. Akakataa. Akasema, sikio ndilo linalomlisha, na ndilo pekee analojivunia. Fundi wa muziki ukimwambia hasikii umemzika. Muache aninunie mimi, mimi nitavumilia."

Nililia bila kujificha. Kasmir aliniona kupitia kwenye kioo, akatugeuzia mgongo. Nilikuwa nimemnyima mke wangu maneno kwa mwaka na zaidi, naye aliuchukua mnuno wangu akaubeba, na ini linamuuma, ili mimi niendelee kujiona fundi. Na kosa nililokuwa nikilitafuta, halikuwepo. Hakuwahi kunikasirikia hata siku moja.

Baada ya hapo nikawa na njaa ya ajabu. Nikamtaka Victoria anieleze yote. Alikuwa anasema nini pale jikoni, akipita na sufuria? Akaniambia. Kwamba nyanya zimepanda. Kwamba mama mwenye nyumba amepata mjukuu. Kwamba shati langu la bluu lina kifungo kimetoka, nilivue alishone. Kwamba kanisani wameulizia habari zangu. Mambo ya kawaida kabisa, yale ambayo mtu unayasikia nusu nusu huku unasoma gazeti. Niliyapokea moja moja. Nikaanza hata kuona nafuu. Nikawaza kwamba mwanangu ameniwekea yote, kwamba nikimuuliza vizuri, kidogo kidogo, nitarudishiwa mwaka wangu wote na mke wangu.

Nikauliza basi nilichotaka kuliko vyote.

Ilikuwa wodini, kule Upanga, Alhamisi mchana, siku mbili kabla hajafa. Fortunata alinishika mkono wa shati akaanza kusogeza midomo. Aliisogeza kwa muda mrefu, akipumzika, akiendelea. Nilidhani anasali rozari. Nikasema moyoni, Mungu anaongea naye, mimi hanitaki. Nikageukia dirishani, nikawa naangalia magari yanavyohangaika kutafuta pa kuegesha. Nilipogeuka alikuwa amemaliza. Alinitazama hivi, kwa kusubiri, kama mtu aliyekuuliza swali. Sikusema kitu. Akaniachia shati.

"Alhamisi ile," nikamwambia Victoria. "Mama yako aliongea sana. Alisema nini?"

Victoria alinishika mkono wangu wenye grisi kwa mikono yake yote miwili, kisha akainamia sikio langu.

"Alhamisi ile mimi nilikuwa hapa, baba, namalizia gari la mteja. Mle ndani mlikuwa wawili tu."

Nikamwambia arudie, nikitumaini kwamba sikusikia vizuri. Akarudia. Nilikuwa nimesikia vizuri.