Kiganja Kwenye Shuka la Mama

Mchana kutwa Brashi alikuwa kikaoni, wanajadili rangi ya ndoo. Ndoo! Watu wazima kumi na mmoja, chai mara mbili, na ndoo yenyewe ipo pembeni kabisa mwa mchoro wa ukuta wa zahanati. Mwenyekiti anataka bluu. Katibu anataka bluu iliyopoa. Brashi, mchoraji wao, jina alilobandikwa na mtaa kwa kazi hiyohiyo, alikuwa anatafuna kifuniko cha kalamu, roho yake yote iko studio.

Huko dirishani alikuwa ameegemeza ubao mmoja mkubwa wa plaiwudi, kazi yake mwenyewe: kitanda cha marehemu mama yake, kimetandikwa shuka jeupe. Nyeupe juu ya nyeupe, miezi kumi na minne. Kesho saa nne gari la maonyesho lingekuja kuuchukua. Hakuna aliyewahi kuuona. Ukimuuliza anachora nini, anakujibu, "Yasiyokuhusu."

Simu ikaita. Dada yake mkubwa, muuguzi wa zahanati, ambaye ndiye aliyemtia kwenye mambo haya ya ukuta.

"Mdogo wangu, ukuta umelowa mvua na kina mama wamekuja kupiga chapa za viganja vyao kwa rangi. Una ubao wowote studio?"

"Chukueni ule mweupe," Brashi alinong'ona, maana mwenyekiti alishamkodolea macho. "Ufunguo si unao?" Akakata.

Ule mweupe aliomaanisha, usio na mchoro, ulikuwa nyuma ya mlango. Hakusema nyuma ya mlango.

Alipofika studio, kina mama sita walikuwa bombani wananawa mikono, vicheko tele. Akaingia ndani. Ubao wa dirishani umelazwa sakafuni, na kitanda cha mama kimejaa viganja: vyekundu, vya kijani, vya njano.

"Nani kafanya hivi?"

Vicheko vya nje vikakatika. Dada akainuka na kopo la rangi mkononi. "Si umesema mweupe?"

"Una macho wewe, au una vifungo vya shati? Miezi kumi na minne, dada! Mmekula mchana wangu, mmekula jioni zangu, sasa mmenifuata mpaka humu ndani!"

"Tulidhani haujaanzwa! Umetuonyesha lini? Tungejuaje?"

Hasira ikazidi kumpanda Brashi. Akapiga magoti, akagusa kiganja chekundu. Kibichi. Rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta iliyokwisha kukauka, ukiiwahi, inatoka. Ukichelewa, ndiyo basi tena.

"Vitambaa! Maji! Mnasubiri nini?"

Wakafuta, yeye huku, dada kule. Shuka likaanza kurudi. Mara dada akasimamisha mkono kwenye pembe ya chini, penye kiraka kidogo chenye mishono iliyokwenda upande.

"Hiki nilikishona mimi," alisema. "Wiki ile ya mwisho. Hiki ni kitanda cha mama."

"Sasa ulidhani cha nani?"

Dada akakitupa kitambaa ndani ya ndoo, maji yakaruka. "Mwaka na zaidi unamlilia mama humu ndani, mlango umeufunga! Peke yako! Kwani mimi alinizaa nani?"

Brashi akakamua kitambaa chake. Akaendelea kufuta kwa nguvu, machozi yanamdondoka na hasira iko palepale.

Viganja vyote vilitoka isipokuwa kimoja cha kijani, karibu na kiraka. Hicho kilikuwa cha dada. Alianza yeye, kuwaonyesha wenzake, kwa hiyo kilitangulia kukauka. Walisugua mpaka rangi nyeupe ya chini ikatishia kubanduka.

"Kiache," alisema Brashi.

Kesho yake saa nne dereva wa maonyesho aliuzunguka ubao, akainama. "Samahani, mtu kaweka mkono hapa. Mnajua?"

"Ni wa dada yangu," alisema Brashi, bado amenuna. "Mama yetu ni mmoja. Beba kama ulivyo, na ukikikwaruza kiganja hicho utanijua."